Mama Mkristo, unalala saa ngapi?

AKINA mama wengi Wakristo walioajiriwa mijini, ukiwauliza habari za afya yao, hujibu kwa neno moja tu: "Nashukuru." Ni jibu zuri la kumpa jirani baada ya ibada, lakini daktari hawezi kulitumia kwa lolote. Ndiyo maana leo tunakuuliza swali lililo jepesi zaidi, nawe msomaji ulijibu kwa uaminifu ukiwa peke yako. Jana usiku ulilala kwa muda gani? Na juzi je? Na Ijumaa ile ya kesha?

Swali hili linahusu imani kuliko linavyoonekana. Mwanamke aliye na mume na watoto, aliye na kazi ya mshahara, na ambaye pia ni nguzo ya kanisa lake, ana wadai watatu. Mwajiri ana kitabu cha kuandikia saa ya kuingia. Mtoto ana kilio. Kanisa lina daftari la mahudhurio, na mwenyekiti wa chama cha akina mama hakosi kuona ni nani ambaye hakufika. Wadai hao wote wanajua kudai. Usingizi haudai kwa sauti, na kwa sababu hiyo ndio unaokatwa kwanza.

Tuchukue mfano wa mama anayeishi Githurai na kufanya kazi katika afisi moja katikati ya jiji la Nairobi. Huamka saa kumi na nusu alfajiri. Anaomba kwa dakika chache, anapika chai, anawavalisha watoto sare na kuwafikisha kwenye basi la shule, kisha anapigania matatu kabla nauli haijapanda. Jioni hufika nyumbani saa moja na nusu, ikiwa hakuna msongamano barabarani. Kuna chakula cha kupika na kazi ya shule ya kukagua. Jumanne kuna maombi ya nyumba kwa nyumba, na Alhamisi kuna mazoezi ya kwaya. Anapopanga nguo za kesho na kuzima taa, ni saa sita usiku. Amebakisha saa 4 na nusu za kulala.

Wataalamu wa usingizi wanapendekeza mtu mzima alale saa 7 au zaidi kila usiku. Sasa piga hesabu. Kuanzia Jumapili hadi Alhamisi, mama huyu amepungukiwa na saa 2 na nusu kila usiku, jumla ya saa 12 na nusu. Ijumaa anakesha kanisani na halali kabisa. Jumamosi asubuhi, akiwa amesimama mbele ya karai la nguo, mwili wake unamdai saa 19 na nusu. Na Jumamosi yenyewe ni siku ya harusi, au ya mazishi mashambani, au ya kwenda sokoni.

Baba watoto naye huchoka, hatukatai. Lakini uchunguzi wa kitaifa kuhusu matumizi ya wakati, uliofanywa nchini mwaka wa 2021, ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia karibu mara tano ya muda ambao wanaume hutumia katika kazi za nyumbani na za kutunza watu, zile zisizolipiwa. Hizo ni saa ambazo lazima zitoke mahali fulani.

Mwili hufanya nini usiku

Watu wengi hudhani kwamba kulala ni kuzimika, kama redio iliyotolewa betri. Sivyo. Usiku mwili una kazi zake. Shinikizo la damu la mtu mwenye afya hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 anapolala, nao moyo na mishipa hupata nafuu. Mtu asiyelala vya kutosha huikosa nafuu hiyo, usiku baada ya usiku, na baada ya miaka shinikizo hukataa kushuka hata mchana.

Kuna jambo jingine ambalo akina mama wengi watalitambua mara moja. Usingizi ukipungua, homoni inayoleta njaa huongezeka na ile inayoleta hisia ya kushiba hupungua. Hamu inayokuja haiwi ya kabichi. Huwa ni ya mandazi, soda na chai yenye sukari nyingi. Wakati huo huo mwili hushindwa kuitumia sukari ipasavyo. Mama anayeshangaa kwa nini ananenepa ilhali "hali kitu" mara nyingi anakula kidogo sahani inapokuwa mezani na kula sana afisini saa nne asubuhi, ili asisinzie.

Usingizi pia ndio unaotuliza akili. Mtu aliyekosa kulala huwaka upesi: glasi ikivunjika, mtoto hupigwa, mume akiuliza soksi, nyumba hujaa kelele. Jumapili mama huyo huyo hupiga magoti na kutubu hasira yake. Haidhuru, kutubu ni kwema. Lakini tunaonelea kwamba sehemu kubwa ya hasira hiyo ingeondoka kama angelala saa 7 kwa majuma mawili mfululizo.

Hapa inafaa tukumbuke habari za nabii Eliya katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, mlango wa 19. Alikuwa ametoka kushinda kwenye mlima Karmeli, kazi kubwa ya Mungu kabisa, kisha akaenda nyikani, akaketi chini ya mti na kuomba afe. Malaika hakuanza kwa kumhubiria wala kumkemea kwa uhaba wa imani. Eliya alilala, akaamshwa ale na kunywa, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye, baada ya safari ndefu. Daktari wa leo asingeweza kuandika maagizo bora kuliko hayo.

Lakini tahadhari moja. Huzuni inayodumu kwa zaidi ya majuma mawili, kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, kujiona huna thamani, au kufikiria kufa, haiponi kwa usingizi peke yake. Huenda huo ni ugonjwa, nao hutibiwa. Huwapata hata walio wacha Mungu, hasa katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Nenda kliniki ukaseme waziwazi. Kumwambia mgonjwa wa namna hii aongeze maombi tu ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu aongeze mwendo.

Kesha bila hatari

Hatusemi kesha ziachwe. Kwa akina mama wengi, usiku ule wa Ijumaa ndio wakati pekee katika juma ambapo hakuna anayewaita kwa jina la kazi. Wanaimba, wanalia, wanatua mizigo. Hiyo nayo ni afya, na mtu asiyeielewa asiwashauri.

Tunalopinga ni kesha inayoongezwa juu ya deni. Ikiwa umepanga kukesha Ijumaa, punguza shughuli mbili za juma hilo na ulale mapema angalau siku mbili kabla. Ijumaa jioni jinyooshe kwa saa moja na nusu hivi kabla ya kuondoka nyumbani. Chai au kahawa usinywe kuelekea mapambazuko, maana itakunyima usingizi ukifika kitandani. Na usiende nyumbani kufua. Nenda ukalale, uzime simu, nguo zitangoja. Wauguzi, walinzi na wafanyakazi wengine wa zamu ya usiku wasiunganishe zamu na kesha katika juma moja. Mwili hautofautishi usiku uliokosekana wodini na ule uliokosekana kanisani.

Jambo la gari ni zito zaidi. Utafiti umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo huwa mzito wa kutambua na kutenda kama mtu aliye na kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Akifika saa 24, ni kama asilimia 0.10, kiwango ambacho polisi wangemkamata nacho. Mama yetu wa Githurai aliyeamka saa kumi na nusu alfajiri ya Ijumaa, kufikia saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi amekaa macho kwa saa 25 na nusu. Mlokole ambaye hajaonja pombe tangu azaliwe anaweza kushika usukani asubuhi hiyo akiwa katika hali ya mlevi, tena na watoto wa wenzake wamejazana kiti cha nyuma. Pandeni matatu, au mlale kanisani hadi saa tatu ndipo mwondoke.

Wachungaji nao wanaweza kusaidia bila kupunguza hata wimbo mmoja. Kesha ya mara moja kwa mwezi inahudhuriwa vizuri kuliko ya kila juma. Ibada inayomalizika saa nne usiku huwafaa walio na watoto wachanga. Na mkutano wa kamati usipangwe mara tu baada ya ibada ya Jumapili, watu wakiwa na njaa, halafu uchukue saa 3.

Mfungo na vidonge

Januari inapofika, makanisa mengi hutangaza mfungo: wa siku 7, 21, hata 40. Mtu mzima mwenye afya anaweza kukosa chakula kutoka asubuhi hadi jioni bila madhara, mradi anywe maji na asile kupita kiasi anapofungua. Wapo hata hivyo ambao hawafai kufunga kwa namna hiyo: mama mjamzito, mama anayemnyonyesha mtoto mchanga, mtu aliye na vidonda vya tumbo, mgonjwa aliye katika matibabu ya kifua kikuu, na mtu aliyekonda kupita kiasi. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamaidi yumo hatarini zaidi. Dawa hizo huteremsha sukari ikiwa mtu amekula au hakula. Akizimeza bila chakula, sukari inaweza kushuka hadi atetemeke, atokwe na jasho, achanganyikiwe na kuzirai, na wenzake wakadhani amejazwa Roho au amepagawa. Anahitaji sukari mara moja, iwe ni soda, asali au kijiko cha sukari katika maji, maadamu anaweza kumeza. Akiwa amezirai usimtie kitu kinywani, mkimbizeni hospitalini.

Madaktari wa Kenya wamezoea kuulizwa na wagonjwa Waislamu, kabla ya Ramadhani, jinsi ya kupanga dawa. Kwa Waislamu ruhusa ya mgonjwa kutofunga imeandikwa, nao huijua. Mkristo mara nyingi hana kanuni ya namna hiyo, kwa hivyo kila mama hujihukumu mwenyewe, na akina mama hujihukumu kwa ukali. Huona haya kumwambia daktari kwamba anafunga, na huona haya zaidi kumwambia kiongozi wa maombi kwamba hawezi. Waambie wote wawili. Majuma mawili kabla ya mfungo, peleka tarehe zako kliniki. Vidonge vingi vya shinikizo la damu, kwa mfano amlodipini, humezwa mara moja kwa siku na saa yake yaweza kubadilishwa. Vile vya kupunguza maji mwilini ni hatari ukifunga bila maji. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi hazikatizwi kwa siku yoyote ile, na funda la maji la kumezea kidonge halijaharibu mfungo wa mtu.

Asiyeweza kuacha chakula ana mengine ya kuacha. Isaya katika mlango wa 58 ameeleza mfungo ulio wa kumgawia mwenye njaa na kumwondolea mtu mzigo, na hakuna daktari atakayekukataza huo.

Tunajua kwamba maombi ya kawaida makanisani hayafanani kamwe na yale yaliyofichuliwa mwaka wa 2023 huko Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako miili ya zaidi ya watu 400 ilifukuliwa na wengi wao kubainika kuwa walikufa kwa njaa. Lakini Shakahola ilitufundisha sote kuuliza swali moja kila mfungo unapotangazwa: je, hapa mtu anaruhusiwa kusema "mimi siwezi" na asidharauliwe?

Kisha kuna ushuhuda. Mama ameombewa, amepimwa, shinikizo limeonekana kuwa sawa, naye anasimama mbele ya ushirika na kutangaza kwamba vidonge amevitupa. Watu wanapiga makofi. Shida ni kwamba shinikizo lilikuwa sawa kwa sababu vidonge vilikuwa vikifanya kazi. Ugonjwa huu hauumi na wala hautangulizi dalili. Ukiacha dawa, unaweza kujisikia mzima kwa miezi kadhaa, huku moyo, figo na mishipa ya ubongo ikiharibika polepole. Wengine hujua wakiwa wamelala upande mmoja umepooza. Kuna dawa, kama atenololi na propranololi, ambazo ukiziacha ghafla moyo huenda mbio na shinikizo likapanda kwa nguvu. Anayeamini kwamba amepona hatulumbani naye. Aende na imani yake kwa daktari, apunguziwe dozi hatua kwa hatua huku akipimwa. Kama ni uponyaji, kipimo hakitauficha.

Mama anayenyonyesha na mwajiri wake

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mwanamke aliyejifungua likizo ya miezi 3 yenye mshahara kamili, na baba majuma 2. Nao ushauri wa kiafya ni mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi 6. Kati ya sheria na ushauri kuna pengo la miezi 3, na hapo ndipo akina mama wengi hukata tamaa na kununua kopo la maziwa ya unga.

Pengo hilo linaweza kuzibwa. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa faragha pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, ambapo si chooni, na ampe mama muda wa kufanya hivyo mbali na muda wake wa chakula, hadi jumla ya saa 1 katika saa 8 za kazi. Wanaoijua sheria hii ni wachache, na baadhi ya wanaoijua huogopa kuitaja wasije wakaonekana wasumbufu. Nenda na wenzako wawili watatu kwa mkuu wa wafanyakazi. Ombi la watu watatu halipuuzwi upesi kama la mmoja.

Anza kujizoeza kukamua majuma mawili kabla ya kurudi kazini. Nawa mikono kwa sabuni, tumia kikombe safi chenye mdomo mpana na kifuniko. Maziwa hukaa saa 4 katika joto la kawaida la chumba, na hadi siku 4 katika friji. Usiyachemshe, weka kikombe ndani ya bakuli la maji moto hadi yapate uvuguvugu. Mwonyeshe anayemtunza mtoto jinsi ya kumnywesha kwa kikombe, maana chupa ni ngumu kusafisha na baadhi ya watoto wakiizoea huikataa titi.

Ukiwa bado na umri wa kuzaa na unameza dawa za shinikizo, mwambie daktari mapema kama unatarajia mimba. Enalaprili na losatani, ambazo hutumiwa sana, humdhuru mtoto tumboni na lazima zibadilishwe.

Tuseme pia neno kuhusu chai, kwa sababu hakuna mkutano wa akina mama usio na chai. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika sukumawiki, ndengu na maharagwe. Mwanamke anayetokwa na damu nyingi kila mwezi huishiwa damu hivyo hivyo, akichoka na kupumua kwa shida kwenye ngazi, huku akidhani ni uzee. Kunywa chai saa moja kabla au baada ya mlo, na wakati wa mlo ule chungwa.

Mwanamke wa Mithali 31

Siku ya akina mama, mahubiri yakitoka katika Mithali 31, wasikilizaji hutoka wameinamisha vichwa. Mwanamke yule huamka kungali usiku, hununua shamba, hufuma, huuza, taa yake haizimiki. Nani atamfikia? Lakini soma polepole. Aya ya 15 inataja wajakazi wake. Hakuwa peke yake jikoni. Tena aya zile 22 zimepangwa kwa kufuata herufi 22 za Kiebrania, moja moja, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Ni utenzi wa kusifu maisha mazima ya mtu, si ratiba ya Jumatatu moja. Hakuna mwanamke aliyewahi kuyatenda yote hayo kati ya jogoo la kwanza na habari za saa moja.

Na tukiwa kwa hao wajakazi, tuseme wazi. Mama wengi wa Nairobi huweza kwenda kazini na kanisani kwa sababu kuna msichana wa kazi nyumbani. Yeye ndiye anayeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Sheria ile ile ya 2007 inampa siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na angalau siku 21 za likizo kwa mwaka, kama wewe. Mara nyingi naye ni Mkristo, na ana kanisa analotamani kwenda. Ukiupata usingizi wako kwa kumnyima yeye wake, deni limebadilisha jina tu. Watoto wa miaka 8 na kuendelea wanaweza kuosha vyombo, wavulana kwa wasichana. Mume anaweza kuosha sare Jumatano na kukagua kazi ya shule. Mwanamume asiyejua kupika ugali anajifunza kwa siku mbili.

Kabla juma hili halijaisha, fanya jambo moja: pimwa shinikizo la damu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima nchini walikuwa na shinikizo la juu, ilhali zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Zahanati hupima, maduka mengi ya dawa hupima, na chama chenu cha akina mama kinaweza kumwalika muuguzi baada ya ibada. Usinywe chai wala kahawa kwa nusu saa kabla ya kupimwa. Nenda haja ndogo kwanza. Keti kwa dakika 5, mgongo ukiegemea kiti, miguu ikikanyaga chini bila kupishana, mkono ukiwa wazi na umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, na usizungumze. Andika namba zote mbili. Ukipata 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbili tofauti, nenda kliniki. Ukipata 180 kwa 120, au namba iwe yoyote ile lakini una maumivu makali ya kifua, macho yamefifia ghafla, uso umepinda au mkono umekufa ganzi, usingoje maombi ya jioni. Mjamzito aliyepita majuma 20, mwenye kichwa kinachouma sana, anayeona vimulimuli, aliyevimba uso na mikono au anayeumwa tumbo upande wa juu, naye aende hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni katikati ya kesha, na wenzake wawili wamsindikize.